Mwisho wa siku, siku ya nani?

TABORA. Mpira umekwisha. Jezi imelowa jasho, mchezaji anavuta pumzi, kipaza sauti kimeshafika mdomoni. Shabiki aliyekaa mbele ya televisheni anaweza kumalizia maneno kabla hayajatoka: “Kwanza kabisa tumshukuru Mungu. Mechi ilikuwa ngumu, wenzetu nao walijipanga. Nafasi tumepata hatujazitumia, lakini mwisho wa siku tumeondoka na pointi moja ugenini. Tunarudi kujipanga.”

Akija kocha, maneno ni hayo hayo. Msemaji wa klabu naye analo. Mchambuzi studio analitumia mara tatu katika dakika moja. Hata shabiki anayepiga simu redioni asubuhi kulia na refa, akimaliza kulia atasema: “Ila mwisho wa siku mpira ndiyo ulivyo.”

Maneno matatu tu: mwisho wa siku. Yamekuwa kama jezi ya mazoezi, kila mtu anayo. Lakini ukiwauliza watu yana maana gani hasa, kijiwe kinagawanyika. Na kwa shabiki wa mpira wa Tabora, ambaye ndani ya miaka michache timu yake imepita kwenye kila aina ya mwisho, swali hilo si la darasani.

YALIKOTOKA

Maneno hayo ni tafsiri ya msemo wa Kiingereza, ‘at the end of the day’. Mwingereza akiusema hazungumzii jua kuzama. Anamaanisha kwamba ukishapima yote, huku na huku, jambo linalobaki ni hili. Ni neno la hitimisho, la mtu aliyekwisha kuweka kila kitu kwenye mizani.

Wenyewe walishauchoka. Mwaka 2004 taasisi ya Uingereza iitwayo Plain English Campaign, inayopigania lugha nyepesi kwa wananchi, iliwauliza wanachama wake ni msemo gani unaowakera kuliko yote. Huo ndio ulioshika namba moja. Sababu inaeleweka: msemo ukitumika kila mahali unaacha kusema kitu, unabaki kujaza nafasi.

Huku kwetu ulikuja na mpira. Ligi Kuu England ilipoanza mwaka 1992 na kusambazwa duniani kwa setilaiti, hayakuja mabao peke yake. Yalikuja pia mahojiano ya baada ya mechi, na namna makocha na wachezaji wa kule wanavyojibu maswali. Kisha ligi yetu nayo ikaingia kwenye runinga. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Kamera zikafuata timu hadi mikoani, na kila kamera ilipofika ilihitaji mtu wa kuhojiwa. Mchezaji aliyekuwa amezoea kuingia chumba cha kubadilishia nguo akiwa kimya akajikuta anatakiwa kusema kitu, saa hiyo hiyo, moyo ukiwa bado unadunda. Maneno ya haraka yaliyokuwepo ni yale aliyoyasikia kwa wenzake.

Walimu wa Kiswahili wana jina la tafsiri ya aina hii. Wanaiita tafsiri sisisi, ya neno kwa neno. Siyo kila tafsiri sisisi ni mbaya. Jose Mourinho alipolalamika mwaka 2004 kwamba Tottenham wamekuja Chelsea na basi wakaliegesha mbele ya goli, neno likaenea dunia nzima, na leo hakuna shabiki wa Tabora asiyejua maana ya timu kupaki basi. Neno lile lilikubalika kwa sababu linaonekana kwa macho. Basi limeziba njia, utapitaje?

Mwisho wa siku ni habari nyingine, maana Kiswahili tayari kina siku yake, na siku hiyo ina mwisho unaojulikana.

SIKU YA KISWAHILI INAISHA MAGHARIBI

Kwa hesabu ya asili ya Waswahili, siku huisha jua linapozama. Ndiyo maana wazee wakisema usiku wa Ijumaa, wanazungumzia usiku unaofuata mchana wa Alhamisi. Siku mpya imeshaanza giza lilipoingia. Saa nazo zinafuata jua: likichomoza tunahesabu saa 1, saa 2, hadi saa 12 jioni.

Mechi ya saa 10:00 jioni ikianza kwa wakati, filimbi ya mwisho inalia saa 12 kasoro hivi. Kwa maana hiyo, mchezaji anayesema mwisho wa siku baada ya mechi ya jioni anakaribia kusema kweli tupu. Siku inaisha kweli, na mpira umeisha nayo.

Lakini hata jua halizami mahali pote kwa pamoja. Tabora iko magharibi kwa Dar es Salaam, na jua lake huchelewa kuzama kwa karibu dakika 25. Adhana ya magharibi inapolia Kariakoo, vijana wa Cheyo bado wanachezea mpira mwanga wa kutosha. Nchi moja, saa moja ukutani, miisho ya siku miwili.

Tena lugha yenyewe ina mtego. Geuza maneno hayo na utapata siku ya mwisho, ambayo kwa muumini ni Kiyama na kwa shabiki ni ile mechi ya kufungia ligi, timu tatu zikipigania kutoshuka daraja. Ongeza kidogo upate mwisho wa mwezi, ambao kila mfanyakazi anajua maana yake bila kufafanuliwa.

CHEYO WANAVYOYATUMIA

Cheyo ni moja ya kata za Manispaa ya Tabora, na kama kata nyingine za mji huo, mazungumzo yake ya jioni hayakosi mpira. Kwenye vijiwe vya kahawa na vituo vya bodaboda msemo huu umetoka uwanjani na kuingia katika kila biashara. Ukisikiliza kwa makini, utagundua unafanya kazi nne tofauti.

Kazi ya kwanza ni ile ya asili, kuhitimisha. “Mimi nilimtaka yule straika, wengine walimtaka beki, mwisho wa siku kocha ndiye anayepanga timu.” Hapa msemo uko nyumbani. Pande zote zimetajwa, kisha neno la mwisho limetolewa. Kiswahili kina namna yake ya kusema hivyo tangu zamani: yote kwa yote.

Kazi ya pili ni kueleza kilichotokea baadaye. “Walihangaika wee, mwisho wa siku wakapata bao.” Hapa mtu anataka kusema hatimaye au mwishowe. Hajapima chochote, anasimulia tu.

Kazi ya tatu ni kupumzika. Mtu amekosa neno, ulimi unatafuta pa kukanyaga. “Kwa hiyo, mwisho wa siku, yaani, unajua, mwisho wa siku...” Toa maneno hayo na sentensi haipungukiwi kitu.

Kazi ya nne ndiyo ya kuangalia. Ni kufunga mjadala. Dereva wa bodaboda amemwambia abiria buku mbili, abiria anauliza kwa nini imepanda, jibu linakuja: “Bosi, mwisho wa siku unafika.” Swali lilikuwa bei, jibu limekuwa kufika. Kijana amechelewa kurudisha fedha ya kikundi, mama mweka hazina anamuuliza, naye anajibu: “Mama yangu, mwisho wa siku si nitalipa?” Lini, hajasema. Mama anabaki na daftari mkononi.

Kazi hii ya nne ndiyo iliyoshamiri kwenye mpira wetu, na ndiyo inayomuumiza shabiki.

DAKIKA ZA CHAMAZI

Historia fupi ya timu iliyobeba jina la mkoa huu inatosha kuonyesha.

Tabora haikuwa ngeni kwenye ligi ya juu. Milambo ilishawahi kutamba huko. Rhino Rangers ilipanda na kucheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14, na msimu huo huo ikashuka. Ikapita karibu miaka kumi kabla Ali Hassan Mwinyi haujaiona tena Ligi Kuu. Mwaka 2023 ikapanda Kitayosce, ambayo baadaye ikaitwa Tabora United, na mashabiki wakaibatiza Nyuki wa Tabora.

Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti 2023, ilikuwa ugenini Chamazi dhidi ya Azam FC. Kwa matatizo ya usajili, timu ilishuka uwanjani ikiwa na wachezaji 8 tu. Sheria za soka zinasema timu ikibaki na wachezaji chini ya 7, mchezo hauwezi kuendelea. Feisal Salum alishatupia mabao matatu, ubao ukasoma 4-0, wachezaji wakaumia, idadi ikapungua, refa akamaliza kazi kabla hata ya nusu saa.

Siku hiyo kulikuwa na miisho miwili. Shabiki aliona ule wa uwanjani, wa jioni. Mwisho wenyewe ulikuwa umetokea mapema zaidi, mezani, maana dirisha la usajili hufungwa kwa saa ya ofisi na halingoji filimbi ya refa. Karatasi isiyokamilika ikipita muda, mchezaji hata awe mzuri namna gani atakaa jukwaani. Mtu akisema “mwisho wa siku tulifungwa na Azam”, amesema kweli, lakini ameruka sehemu ambayo mwana Tabora alistahili kuelezwa.

Na zile dakika chache hazikuishia Chamazi. Ligi ni hesabu ya siku nyingi. Pointi zilizopotea mwezi wa Agosti haziozi, zinakaa kwenye msimamo zikikusubiri mwezi wa Mei. Msimu huo Tabora United ilimaliza kwenye eneo la mchujo. Ikapoteza mbele ya JKT Tanzania, ikalazimika kucheza tena dhidi ya Biashara United ya Mara, na hapo ndipo ikaokoka. Mitaani watu wakapumua: “Mwisho wa siku tumebaki.” Ni kweli, ilibaki. Lakini ilibakia kwenye ncha ya sindano, na furaha ya kubaki ilizima swali la kwa nini ilifika huko.

USIKU WA NOVEMBA

Mwaka mmoja na miezi mitatu baada ya aibu ile, Nyuki walirudi Chamazi. Ilikuwa Novemba 7, 2024, na safari hii mwenyeji alikuwa Yanga, bingwa mtetezi. Tabora United ikashinda 3-1, Offen Chikola akifunga mawili. Cheyo, Isevya, Ng’ambo, kote kulikuwa hakulaliki.

Yanga ilikuwa imetoka kufungwa na Azam siku chache nyuma. Vipigo viwili mfululizo. Novemba 15 ikaachana na kocha Miguel Gamondi, mtu aliyekuwa ameipa ubingwa miezi michache tu iliyopita. Kwa Gamondi siku ilishaisha.

Kwa Yanga haikuwa imeisha. Aprili 2025 ikaja Tabora na kushinda 3-0, na Juni ikachukua ubingwa. Anayetazama orodha ya mabingwa atasema mwisho wa siku Yanga ndiye bingwa, ile mechi ya Novemba ilikuwa ajali tu. Mwana Tabora atasema mwisho wa siku tulimfunga bingwa kwenye uwanja aliouita nyumbani. Gamondi, akiulizwa, angekuwa na mwisho wake wa tatu.

Wote watatu wanasema kweli, na hapo ndipo udhaifu wa msemo unapojitokeza. Hausemi siku ni ya nani. Hausemi inaishia wapi. Kila mtu anaikata pale panapomfaa, halafu anaitangaza kuwa ndiyo jioni ya wote.

Chikola mwenyewe mwaka 2025 alihamia Yanga ile ile aliyoifunga. Mwaka huo huo timu ikaingia mikononi mwa Mamlaka ya Mapato Tanzania na kuitwa TRA United. Jina la Tabora likatoka kwenye msimamo. Wapo mashabiki waliofurahi, kwa hesabu rahisi: taasisi kubwa ina uwezo, na timu iliyoanza na wachezaji 8 inajua thamani ya kuwa na mtu wa kusimamia mambo yake. Wapo walioumia, kwa sababu jina ndilo walilokuwa wakiliimba. Kijiweni hoja hizo mbili zikigongana, hukosi mtu wa kuzimaliza: “Mwisho wa siku mpira tunauona.” Mjadala ukafungwa hapo. Lakini aliyekuwa anauliza timu hii ni ya nani hakuwa amejibiwa.

MWISHO WA MWEZI

Hakuna mahali msemo huu unafanya madhara zaidi kuliko kwenye malipo. Mpira wa Tanzania umezoea habari za wachezaji kudai mishahara na fedha za usajili, na kesi za namna hiyo zimewahi kuzifanya klabu zetu kadhaa zifungiwe na FIFA kusajili. Katika hadithi hizo, kuna kauli ambayo mchezaji yeyote wa ligi za chini anaijua: “Vijana, tupambane, mwisho wa siku kila mtu atapata haki yake.”

Hapa ile kazi ya kwanza na ile ya pili zinachanganywa makusudi. Kiongozi anayesema hivyo anaweza kudai alikuwa anahitimisha tu, kwa maana ya yote kwa yote. Mchezaji amesikia tarehe. Amesikia jioni, au mwisho wa wiki hii. Kodi ya nyumba haina habari na yote kwa yote. Mwisho wa siku huja kila siku bila kukosa. Mwisho wa mwezi ndio unaogoma.

Mji huu ulishajua jambo hilo kabla mpira haujafika. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara, kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kaskazini hadi maziwa makuu. Wazungu Richard Burton na John Speke waliotoka pwani Juni 1857 waliingia Kazeh, Tabora ya leo, Novemba. Mzigo ulikuwa kwenye mabega ya wapagazi, na Wanyamwezi ndio waliosifika kuliko wote kwa kazi hiyo. Msafara ulianza alfajiri na kwa kawaida ulipiga kambi kabla jua halijawa kali. Siku ya mpagazi iliishia hapo, si magharibi. Na kila siku ilikuwa na posho yake, chakula au kitu cha kununulia chakula, hata kama safari ingechukua miezi. Posho ikikatika, wapagazi walijua kutua mizigo na kugoma, wengine wakatoroka kabisa.

Hakuna kiongozi wa msafara aliyeweza kuwaambia kwamba mwisho wa siku watakula Ujiji. Wangemcheka, kisha wangemwachia mizigo yake porini.

Neno posho bado lipo, na wachezaji wanalijua vizuri kuliko mtu yeyote.

MASWALI YA KUMUULIZA

Hakuna haja ya kuupiga marufuku msemo. Lugha ya mpira hula kila kinachopita, ndiyo maana tuna kona na penalti na golikipa, na hatukufa. Mchezaji aliyetoka kukimbia dakika 90 ana haki ya kusema neno lolote linalomjia mdomoni. Kumcheka kwa hilo ni uonevu.

Ila mwenye suti ni mtu mwingine. Kocha aliyepanga timu, kiongozi aliyesajili, msemaji aliyepewa muda wa kujiandaa, hao wakisema mwisho wa siku, shabiki ana haki ya kuuliza vitu vitatu.

Kwanza, siku ipi? Kama ni tarehe, itajwe. “Mwisho wa siku uwanja utakamilika” siyo ahadi.

Pili, siku ya nani? Pointi tatu ni mwisho wa siku wa timu. Kwa beki aliyecheza na sindano ya maumivu, siku yake itaisha akiwa kitandani. Kwa shabiki aliyelipa kiingilio, siku yake inahusu pia foleni ya getini na jukwaa alilokalia.

Tatu, umeshapima nini? Msemo huu kwa asili ni wa mtu aliyetoka kwenye mizani. Anayeanza nao sentensi ya kwanza hajapima kitu. Mwambie ataje kwanza mambo yaliyokwenda vibaya, halafu ahitimishe.

Kuna njia rahisi zaidi ya kupima, ambayo kijiwe chochote kinaweza kuitumia leo jioni. Toa maneno hayo, weka yote kwa yote. Ikikaa sawa, mtu alikuwa anahitimisha, msikilizeni. Isipokaa, weka hatimaye. Ikikaa, alikuwa anasimulia, endeleeni na kahawa. Ikigoma hapo pia, jueni kuna swali lililokuwa limeulizwa na halijajibiwa. Lirudieni tena, taratibu, kabla hajapanda gari.